Choo cha sungura ndani ya ghorofa: mchanga wa paka, vidonge vya mbao, magazeti na maranda ya Keko, nimejaribu vyote

Naanza na bei ili msije kuniuliza mwishoni. Mchanga wa paka wa dukani mfuko wa kilo 5 nilinunua 28,000. Vidonge vya mbao mfuko wa kilo 10, 45,000. Magazeti ya zamani yale wanayofungia maandazi, kilo moja 2,500. Maranda ya fundi seremala, kiroba cha salfeti kilichoshindiliwa mpaka hakifungiki, 2,000, na ukimsalimia fundi vizuri anakuongezea cha pili bure. Hicho cha 2,000 ndo nimebaki nacho mpaka leo, ila imenichukua miezi kama saba kufika hapo na katikati nusura nifukuzwe nyumba.

Nakaa Sinza, ghorofa ya tatu, chumba na sebule, kibaraza kidogo cha kuanikia nguo. Nina sungura wawili, Kashata na Halua. Niliuziwa kama majike wawili, yule kaka aliwageuza juu chini mbele yangu akaniapia kabisa, "dada hawa wote mabinti". Walipofika miezi minne binti mmoja akaanza kurusha mkojo ukutani kama bomba limepasuka, nikawatenganisha siku hiyohiyo. Halua ni dume. Jina limebaki hilohilo, kashalizoea.

Wanakaa ndani, hawakai bandani, usiku wana uzio wao kona ya sebule na mchana wanazurura. Na nlikuwa najiona nasafisha kweli! Kila asubuhi nafagia, nadeki, napulizia ile dawa ya hewa ya limao, nawasha feni. Sa dada yangu mkubwa akaja kutoka Morogoro, hata kiatu hajavua, akasimama mlangoni akaniuliza, "mdogo wangu, hii dari yenu ina popo?" Nilicheka lakini iliniuma. Ukikaa na harufu kila siku pua inaizoea, hivyo kipimo chako ni mgeni, we mwenyewe huwezi kujipima.

Kitu nilichokuja kujifunza ni kwamba nilikuwa napambana na kitu kisicho na kosa. Zile gololi kavu za kinyesi cha sungura hazinuki, chukua moja ipasue, ni majani makavu tu ndani. Sungura mmoja anaweza kutoa gololi 200 mpaka 300 kwa siku, ukiziona zimetapakaa unahisi ndo zenye shida, kumbe ni mkojo. Tena mkojo wenyewe ukiwa wa sasa hivi wala haunuki sana, unaonuka ni uliokaa, kwa sababu bakteria wanauvunja unatoa amonia, ile inayochoma macho na pua. Kwa joto la Dar na ule unyevu wa mwezi wa nne mvua ikiwa inanyesha na madirisha yamefungwa, kazi hiyo inaenda haraka kweli. Na hii sio suala la mgeni kusikia harufu tu, sungura anapumulia pua, mdomo hautumii kama sisi, halafu pua yake iko chini kabisa pale karibu na choo, kwa hiyo we ukisikia harufu ukiwa umesimama yeye alishaisikia zamani. Kashata alikuwa anapiga chafya mfululizo nikadhani mafua.

Kwa hiyo nilichokuwa nanunua kweli, bila kujua, ni kitu cha kunyonya mkojo na kuushika. Manukato ni pesa ya bure. Twende sasa kwenye bidhaa zenyewe.

Nilianza na mchanga wa paka. Nilienda supamaketi moja kubwa, jina naliacha maana kosa sio lao, nikaona mfuko mzuri umechorwa paka anacheka, ule mchanga wa udongo unaogandamana ukiloa, wenye harufu ya lavenda. Nikajiambia choo ni choo. Wadau, paka na sungura sio ndugu. Paka anafukia anaondoka zake, sungura anakaa chooni, analala chooni, anatafuna kilichopo chooni. Huo mchanga umetengenezwa ugandamane ukikutana na maji, sasa fikiria unagandamana kwenye utumbo wa mnyama ambaye hawezi kutapika. Sungura hatapiki kabisa, kikiingia lazima kipite au kikwame. Nilikaa nao siku tisa, nikamwona Halua analamba vidole vyake vimejaa vumbi jeupe ndo nikaanza kuulizia, daktari wa mifugo akaniambia kwenye simu mwaga leo leo, usisubiri kesho. Harufu yenyewe? Lavenda ikichanganyika na mkojo ni kama choo cha stendi kilichomwagiwa pafyumu. Sifuri. Kwa paka sijui, labda ni mzuri, sina paka.

Magazeti nayo. Wakitafuna kidogo kwa kawaida hayana shida, ni rahisi, unakunja na taka zake unatupa. Ila gazeti linanyonya kidogo tu halafu linaachia, sungura anasimama kwenye bwawa, nyayo zinaloa. Na nyayo za sungura hazina zile nyama laini kama za paka, ni manyoya na ngozi basi, zikiloa kila siku zinachubuka zinakuwa vidonda. Halafu Kashata aligundua kwamba kuchana gazeti ni raha kuliko kukojolea, nikirudi kazini nakuta sebule nzima ni habari za michezo vipande vipande. Magazeti nimeyabakiza kama tandiko la chini kabisa, kurasa nne tano chini ya kitu kingine, kwa kazi hiyo yanafaa sana. Peke yake nayapa nyota 2.

Sasa vidonge vya mbao. Hivi niliviona kwa mara ya kwanza kwenye duka moja la vyakula vya mbwa na paka upande wa Masaki, nikafikiri ni chakula cha kuku. Ni unga wa mbao uliokandamizwa kwa mashine mpaka ukawa vijiti vifupi vigumu kama penseli iliyokatwakatwa. Kikipata mkojo kinavimba, kinafumuka, kinarudi kuwa unga, na ule mkojo unabaki ndani yake. Unamimina vidole viwili tu chini ya choo unaona kidogo lakini vikivimba unashangaa. Aisee, hivi vitu vinafanya kazi. Siku ya tatu niliinama nikaweka pua kabisa kwenye choo, samahani kwa picha hiyo, nikasikia harufu ya mbao tu. Havirushwi nje maana ni vizito, havinasi kwenye manyoya, vumbi dogo. Kama mtu ana uwezo anunue hivi aachane na kusoma yaliyobaki.

Shida ni mbili. Bei, kwa sungura wawili mfuko wa kilo 10 nilikuwa namaliza wiki tatu hivi nikijibana, hesabu mwenyewe kwa mwaka. Ya pili ni upatikanaji, leo wanavyo, ukirudi mwezi ujao unaambiwa "mzigo uko njiani dada", mzigo huo uko njiani mpaka unazeeka. Mara ya mwisho nililipa na boda kwenda na kurudi bila kupata kitu. Angalizo pia, kuna vidonge vya mbao vya kuwashia majiko, vinafanana sana, hivyo hakikisha havijaongezwa kitu cha kusaidia kuwaka. Nyota 4 na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya boda.

Ndo nikaangukia kwenye maranda. Tena kwa aibu, maana mama yangu amefuga kuku wa mayai miaka yote na banda lake lina maranda, nimekua nayaona, ila nlivyokuwa na sungura wa ndani nikajifanya wa kisasa. Siku moja naongea nae kwenye simu namlalamikia bei ya vidonge, akaniuliza taratibu, "mwanangu, hivyo vidonge si maranda yaliyobanwa?" Nikakosa jibu.

Nikaenda Keko kwa mafundi wa fenicha. Hapa kuna mambo ya kuzingatia na ndo sehemu ambayo watu wanakosea kisha wanasema maranda mabaya. Kwanza maranda na unga wa msumeno ni vitu viwili. Unayotaka ni yale magamba yanayojikunja, yanayotoka kwenye randa au kwenye mashine ya kupiga randa. Ule unga laini wa msumeno ni vumbi, unaingia puani kwa sungura na kwako, na ukiloa unakuwa uji. Pili, uliza mbao gani. Fundi anayepaua nyumba anatumia mbao zilizochovywa dawa ya kuzuia mchwa, hizo ni sumu, usiziguse kabisa. Anayetengeneza makabati ya kisasa anakata zile mbao za kubandikwa kwa gundi, nazo achana nazo. Tatu, paina mbichi, zile zinazonukia utamu ukiingia tu karakana. Harufu ile nzuri ndo yenyewe tatizo, kuna kemikali za asili kwenye mbao hizo ambazo mnyama mdogo akizivuta kila siku zinalisumbua ini. Vidonge vya dukani vya paina vinakuwa vimekaushwa kwa joto kali, kwa hiyo nyingi zimeshatoka, ila maranda ya fundi hayajapita huko.

Fundi wangu, mzee mmoja mpole, alinitazama sana siku ya kwanza. "Binti yangu, unataka ya mninga ukafanyie nini, unaunda kiti?" Nikamwambia ni choo cha sungura. Alinyamaza kidogo, akaita vijana wake, "njooni mumsikie huyu". Wamecheka wiki nzima nadhani. Lakini sa hivi nikifika ananiwekea pembeni, ya kitanda cha mtiki au mninga, kavu, hamna misumari, hamna vanishi. Mara mbili nimekuta msumari hata hivyo, kwa hiyo nayapitisha mkono taratibu kabla ya kumimina. Nyumbani nayaanika kibarazani juani siku moja nzima kwenye mkeka, nayapepeta vumbi lishuke, ndo nayatumia.

Unyonyaji wake sio kama vidonge, lazima niwe mkweli. Nusu yake labda. Inabidi uweke kina kirefu, kama kiganja kizima, juu ya magazeti. Na inabidi uchote kona iliyoloa kila siku asubuhi, hamna cha "nitafanya kesho". Sungura ana kona moja anayoipenda, ukishaijua unachota kijiko kikubwa kimoja, dakika mbili umemaliza, halafu kila siku ya tatu unamwaga choo kizima. Kiroba kimoja kinanipeleka wiki mbili na zaidi. Yaani 2,000 kwa wiki mbili jamani.

Ila nisiwadanganye kwamba maranda peke yake ndo yaliua harufu. Kuna vitu vitatu vilibadilika kipindi hichohicho, na nikivipanga naona kama maranda yanashika nafasi ya mwisho.

Cha kwanza ni Halua kuhasiwa, akiwa na miezi sita. Nililipa 60,000 kwa daktari aliyekuja kupendekezwa na mtu anayefuga, maana sio kila daktari wa mifugo ana mkono wa sungura, muulize kabisa ameshawafanyia wangapi. Na akikuambia usimpe chakula tangu jana usiku kama binadamu, tafuta mwingine, sungura hafungi kabla ya operesheni kwa kuwa hatapiki na utumbo wake ukisimama ndo balaa lenyewe. Baada ya hapo ukae naye mbali na jike wiki kama sita hivi, maana bado anaweza kumpa mimba. Lakini mabadiliko! Kurusha mkojo ukutani kuliisha ndani ya mwezi mmoja na kitu, na mkojo wenyewe ulipungua ukali, ule uvundo wa dume kama wa beberu uliondoka. Kabla ya hapo ningeweka hata vidonge vya dhahabu chooni, si ukutani ndo alikuwa anakojolea. Kashata naye bado namchanga pesa, majike wasipofanyiwa wana hatari kubwa ya saratani ya kizazi wakifika umri mkubwa kidogo, hiyo ni mbali na harufu.

Cha pili, choo chenyewe. Nilikuwa na trei ya paka, ndogo, ukingo mfupi, sungura akigeuka makalio yako nje na mkojo unaenda sakafuni halafu mi nalaumu maranda. Nikanunua kontena la plastiki la kuhifadhia nguo, refu, 15,000 pale Kariakoo, mfuniko nikaugawa, nikakata mlango upande mmoja kwa kisu nilichokipasha moto jikoni na kingo nikazisugua na msasa zisimkate. Wanaingia wote wawili wanalala humo kama wako hotelini. Na majani yao makavu nayatundika juu ya choo, hili nilibisha sana mwanzo, mtu gani anakulia chooni? Sungura ndo anakulia chooni. Anatafuna huku anajisaidia, ndo maumbile yake, kwa hiyo ukiweka majani chumbani na choo kwingine unamchanganya na gololi utazikuta kwenye majani. Majani yenyewe ni ukoka navuna kwa jamaa yangu Goba nakausha, mengine nanunua. Yanayodondoka yanafunika maranda, wanakanyaga pakavu. Nilijaribu na wavu wa kuku juu ya maranda ili wasiyaguse kabisa, usifanye, unaumiza nyayo, niliutoa siku ya pili.

Cha tatu ni chakula, na hapa nitapita haraka. Sungura ana kinyesi cha aina mbili, gololi kavu na kingine laini kama kishada cha zabibu ndogo ambacho anakila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, usimzuie, ndo lishe yake hiyo. Ukikuta kile laini kimeachwa kimepondwa sakafuni na kinanuka vibaya kweli kweli, ujue anakula vyakula vya kiwandani au matunda kupita kiasi. Kashata nilikuwa nampa ndizi kila jioni kwa upendo. Nikapunguza, nikaongeza majani makavu, wiki moja kimeisha.

Kusafisha choo sasa. Mkojo wa sungura unaacha ukoko mweupe kama wa birika, ni kalsiamu, wao ile wanayokula ya ziada wanaitoa kwa mkojo. Sabuni haiugusi. Steelwool nimesugua mpaka plastiki ikachubuka na ikichubuka ndo inashika harufu milele. Siki nyeupe ya jikoni, chupa ya 3,000, mimina nusu na maji nusu, acha dakika 20, unafuta kwa kitambaa unatoka wenyewe. Hiki ndo kitu bora nilichonunua mwaka huu wote, nyota 5. Na tafadhali, blichi ya kufulia usiitie kwenye choo chenye mkojo. Mi nilifanya hivyo mwezi wa pili bafuni mlango umefungwa, blichi ikikutana na amonia inatoa gesi ya sumu, nilitoka nakohoa machozi yanamwagika nikakaa ngazini robo saa. Wala usiichanganye na siki, nayo inatoa gesi nyingine mbaya vilevile.

Kingine cha kuwatoa hofu, mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa au hata mwekundu-mwekundu mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula tu. Nilikimbia na mmoja wao kwa daktari usiku kumbe hivyo. Ila ukiona madoa ya damu ndani ya mkojo wa kawaida, au anajikunja akikojoa, mpeleke.

Mama mwenye nyumba aliyekuja kunipa onyo la kuhama sasa hivi ndo mteja wangu mkuu, maranda yaliyotumika na gololi zake anabebewa na kijana kila Jumapili kwenda bustani yake ya mchicha Mbezi, maana mbolea ya sungura haichomi mimea, hata ikiwa haijakaa sana. Hajawahi kunishukuru, anatuma tu ujumbe, "kimejaa?"

Kasoro ya maranda ambayo sijaitatua ni utapakaaji. Kwa harufu nayapa 8 kwa 10, kwa usafi wa sakafu 4. Yako kwenye manyoya, kwenye soksi, juzi nimekuta gamba la mninga ndani ya kikombe cha chai kazini, sijui lilifikaje. Nimeweka zulia la plastiki lile la mlangoni lenye nyuzi ndefu mbele ya choo, linapunguza kama nusu, yaliyobaki nafagia. Vidonge vikishuka hata vikafika 25,000 narudi huko bila kugeuka nyuma, fundi wa Keko anisamehe.